Kiunzi cha programu: Zana zinazobeba takwimu za afya za vijiji vya Kwale

KILA mwisho wa mwezi, katika zahanati za Kaunti ya Kwale, muuguzi hukaa na madaftari yake na kuanza kuhesabu.

Ni watoto wangapi waliochanjwa? Ni wajawazito wangapi waliohudhuria kliniki kwa mara ya nne? Ni wagonjwa wangapi waliopimwa malaria, na miongoni mwao ni wangapi waliopatikana nayo?

Majibu hayo huandikwa katika fomu za Wizara ya Afya, kama vile MOH 705 ya wagonjwa wasiolazwa na MOH 711 inayojumuisha huduma za uzazi na nyinginezo. Kisha takwimu huingizwa katika tarakilishi, na zinatarajiwa kuwa zimefika mfumoni kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata.

Anayezisoma takwimu hizo jijini Nairobi haoni safari yake. Haoni kwamba kati ya daftari la Lunga Lunga na meza ya mpangaji wa huduma za afya kuna programu, na kwamba nyuma ya programu hiyo kuna uamuzi uliopitishwa na wahandisi miaka mingi iliyopita: je, iundwe kwa zana zipi?

Uamuzi huo hudhaniwa kuwa shughuli ya wataalamu peke yao. Kwa hakika unamhusu muuguzi kuliko mtu mwingine yeyote. Ndio unaoamua iwapo ataweza kuendelea na kazi mtandao unapopotea, na iwapo atapatikana fundi wa kurekebisha kasoro inapotokea.

Historia ya mifumo ya afya nchini ni mfano mwafaka wa kueleza zana hizo ni nini, zimebadilikaje, na kwa nini kaunti yoyote inayonunua programu inapaswa kuzielewa kabla ya kutia sahihi.

NYUMBA NA KIUNZI CHAKE

Programu ya tarakilishi ni mkusanyiko wa maagizo. Maagizo hayo, ambayo kwa pamoja huitwa msimbo, huandikwa kwa lugha maalumu kama vile Java, Python, PHP au JavaScript, ambazo binadamu aliyefunzwa anaweza kuzisoma na mashine ikazitekeleza.

Kinadharia, mwandishi wa programu anaweza kuanza bila chochote na kuandika kila agizo kwa mkono wake. Hata hivyo, hakuna fundi wa nyumba anayeanza kazi kwa kuchimba chuma ili afue misumari.

Fundi wa Msambweni anayejenga nyumba ya udongo husimamisha nguzo, akazifunga fito, ndipo akakandika udongo na kuezeka makuti. Nguzo na fito ndizo zinazoamua ukubwa wa vyumba, mahali pa milango na uzito ambao paa linaweza kuwa nao. Hicho ndicho kiunzi.

Programu nazo zina viunzi vyake. Kiunzi cha programu ni msimbo ulioandikwa tayari na watu wengine, unaoshughulikia mambo ambayo karibu kila programu huyahitaji: kumtambua mtumiaji kwa jina na neno la siri, kupokea fomu, kuhifadhi data, kuionyesha kwenye skrini na kuziba mianya ya wadukuzi.

Mwandishi huikandika kazi yake juu ya kiunzi hicho. Badala ya kupoteza miezi akiunda mlango wa kuingilia, anajishughulisha na swali lililomleta: mtoto huyu amepata chanjo zake zote?

Kiunzi hutofautiana na maktaba ya msimbo. Maktaba ni kama mfuko wa vifaa; mwandishi hutoa kifaa anachokihitaji, akakitumia, akakirudisha. Kiunzi kwa upande wake ndicho kinachoongoza, na mwandishi hulazimika kuiweka kazi yake katika nafasi alizotengewa.

Viunzi vingi vilizaliwa kutokana na kazi moja inayojirudia na muda usiotosha. Django, kiunzi mashuhuri cha lugha ya Python, kilianza mwaka wa 2003 katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World, jimboni Kansas, Marekani. Waandishi wa programu walitakiwa kuunda kurasa mpya za mtandaoni kwa kasi ya magazeti, wakachoka kurudia kazi ile ile. Mwaka wa 2005 kiunzi hicho kilitolewa bure kwa umma.

Kadhalika, Spring ya lugha ya Java na Ruby on Rails zilitoka mwaka wa 2004, na Laravel ya lugha ya PHP mwaka wa 2011. Hapa Kenya, waundaji wa Ushahidi, jukwaa lililozaliwa wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, baadaye walilijenga upya juu ya kiunzi cha PHP kiitwacho Kohana. Ndivyo lilivyoweza kutumiwa katika nchi nyingine bila kuandikwa upya kila mara.

KILA TARAKILISHI KISIWA

Kabla ya enzi ya intaneti ya kasi, programu nyingi za ofisi ziliundwa ili ziishi ndani ya tarakilishi moja.

Zana zilizotamba katika miaka ya tisini zilikuwa Visual Basic, iliyotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka wa 1991, na Microsoft Access iliyofuata mwaka wa 1992. Mtu aliyekuwa na mafunzo ya wastani aliweza kuichora fomu kwenye skrini kwa kipanya, akaiunganisha na hifadhidata, na katika siku chache akawa na programu inayofanya kazi.

Sekta ya afya ilinufaika mapema. Mnamo 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na mji wa Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa katika mfumo ulioundwa kwa Access, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Nchini Afrika Kusini, toleo la kwanza la mfumo wa takwimu za afya za wilaya, DHIS, nalo lilijengwa kwa Access baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi kuanguka mwaka wa 1994.

Programu za aina hii zilikuwa na fadhila zake. Hazikuhitaji intaneti. Zilifunguka upesi, na data ilibaki ndani ya chumba alimo mwenyewe.

Lakini kila tarakilishi ilikuwa kama kisiwa cha Wasini siku isiyokuwa na mashua. Takwimu zilizoingizwa wilayani hazikuweza kuonekana kwingine hadi mtu azinakili kwenye diski na kuzisafirisha. Diski ilipanda matatu hadi Likoni, ikavuka feri, na huenda ikabeba virusi vya tarakilishi pamoja na takwimu.

Isitoshe, nakala zilipokuwa mbili, hakuna aliyejua ni ipi iliyo sahihi. Na kila programu ilipofanyiwa marekebisho, fundi alilazimika kuitembelea tarakilishi moja baada ya nyingine.

Wizara ya Afya ilijaribu njia ya kati. Hadi mwaka wa 2011, wilaya zilijaza majedwali ya Excel na kuyatuma kama faili kwa seva ya makao makuu. Kwa kuwa takwimu zilikuwa zimejumlishwa wilayani, aliyekuwa Nairobi aliiona jumla ya wilaya, lakini ilikuwa vigumu kubaini ni zahanati gani iliyoachwa nyuma.

MKONGO WAFIKA PWANI

Mabadiliko yalianzia baharini. Mnamo Juni 2009, mkongo wa mawasiliano wa TEAMS, uliotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Milki za Kiarabu, ulifika Mombasa. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi mwezi uliofuata. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, ambazo gharama yake ilikuwa juu na kasi yake ya kobe.

Intaneti ilipopatikana kupitia kampuni za simu, iliwezekana kuunda programu kwa njia tofauti kabisa. Programu ya wavuti haiishi katika tarakilishi ya mtumiaji. Inaishi katika seva, yaani mashine moja yenye nguvu inayohudumia wengi, na mtumiaji huifikia kwa kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti iliyomo katika kila tarakilishi na simu ya kisasa.

DHIS2, kizazi cha pili cha mfumo ule wa Afrika Kusini, uliundwa kwa msingi huo chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Ulianza kutumika katika jimbo la Kerala, India, mwaka wa 2006. Waundaji wake waliiacha Access wakachagua lugha ya Java pamoja na viunzi vya Spring na Hibernate.

Kazi ya Spring ni kuzipanga sehemu za programu na kuziunganisha, ili moja ibadilishwe bila kuibomoa nyingine. Hibernate ni mkalimani anayesimama kati ya msimbo na hifadhidata. Mwandishi husema anachotaka kihifadhiwe, nayo hukitafsiri kwa lugha inayoeleweka na hifadhidata. Viunzi hivyo viliiwezesha timu isiyokuwa kubwa kuunda mfumo ambao leo unatumiwa na wizara za afya katika nchi zaidi ya 70.

Jambo la busara zaidi lilikuwa kutoandika fomu za nchi yoyote ndani ya msimbo. Majina ya vituo, vipengele vya kuhesabiwa na sura ya fomu huwekwa na watumiaji wenyewe kupitia skrini. Afisa wa takwimu wa Kenya aliweza kuiunda fomu ya MOH 711 bila kuandika mstari hata mmoja wa Java. Kwa maneno mengine, DHIS2 yenyewe ni kiunzi kilichojengwa juu ya viunzi.

Mpango wa awali wa Kenya ulikuwa kuuweka mfumo huo katika tarakilishi za kila wilaya, kila moja peke yake kama zamani. Hata hivyo, majaribio yaliyofanywa katika uliokuwa Mkoa wa Pwani mapema mwaka wa 2011 yalionyesha kwamba kipakatalishi chenye modemu ya kampuni ya simu kingeweza kuifikia seva ya kitaifa moja kwa moja. Mpango ukabadilishwa.

Kufikia Septemba 2011, mfumo ulikuwa umeenezwa kote nchini, na Kenya ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuutumia mfumo huo mtandaoni kikamilifu kwa taifa zima.

Matokeo yake yanaeleweka kwa urahisi. Kosa la fomu likirekebishwa katika seva, limerekebishwa Msambweni, Kinango na Turkana kwa wakati mmoja. Afisa wa rekodi za afya akiingiza takwimu za Diani asubuhi, mwenzake aliye makao makuu anaweza kuziona adhuhuri. Na zahanati isiyoripoti huonekana kwa jina lake.

MTANDAO UNAPOPOTEA

Mfumo wa wavuti uliondoa tatizo la kisiwa, lakini ulileta lake. Programu inayoishi katika seva ya mbali hugeuka kuwa skrini tupu pindi mawasiliano yanapokatika.

Wakazi wa Kwale hawahitaji kuelezwa maana ya hilo. Masika yanapoanguka umeme hukatika, na bara ya Kinango zipo sehemu ambako mtu hupanda kilima ili apate mawimbi ya simu. Katika programu nyingi za wavuti za zamani, mtu alijaza fomu kwa nusu saa, akabonyeza kitufe cha kutuma, mtandao ukapotea, na kazi yote ikayeyuka.

Ndipo kikaja kizazi cha tatu cha zana: zile zinazochukulia ukosefu wa mtandao kuwa hali ya kawaida, si ajali.

Mfano wake umo mikononi mwa wahudumu wa afya ya jamii. Mnamo Septemba 2023, serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa kuwapa wahudumu 100,000 kote nchini vifaa vya kazi na simu zenye programu ya eCHIS. Programu hiyo imejengwa juu ya Community Health Toolkit, mkusanyiko wa zana huria unaosimamiwa na shirika la Medic.

Kwa sura, eCHIS ni programu ya simu. Kwa undani, ni programu ya wavuti iliyovishwa vazi jepesi la Android. Kurasa zake zimeundwa kwa kiunzi cha Angular cha lugha ya JavaScript, na data huwekwa katika hifadhidata mbili: PouchDB iliyomo ndani ya simu yenyewe, na CouchDB iliyomo katika seva.

Tuseme mhudumu anamtembelea mama mjamzito katika kijiji kisichokuwa na mawimbi. Anajaza maelezo, na mara moja yanahifadhiwa katika PouchDB. Programu inaweza hata kumwonya papo hapo kwamba dalili alizoandika ni za hatari na mama apelekwe kituoni, maana kanuni za onyo hilo nazo zimo ndani ya simu.

Jioni anapofika barabarani na mawimbi kurejea, hifadhidata hizo mbili huulizana: wewe una nini ambacho mimi sina? Kila rekodi ina nambari ya toleo lake, kwa hiyo kinachosafirishwa ni tofauti tu wala si daftari zima. Hilo hupunguza gharama ya data.

Je, itakuwaje iwapo watu wawili wameibadilisha rekodi moja? CouchDB huchagua toleo moja kwa kanuni ambayo ni ile ile kila mahali, lakini hulihifadhi lile jingine ili binadamu aweze kuamua. Hakuna kinachofutwa kimyakimya.

Zana hizi zina fadhila nyingine ambayo aghalabu husahaulika. Viunzi vya kisasa hutenganisha maneno ya skrini na msimbo, hivyo lugha huweza kubadilishwa kwa kutafsiri faili moja. Community Health Toolkit ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Mhudumu wa Vanga hana haja ya kukisia maana ya swali la Kiingereza akiwa mbele ya mgonjwa.

Mbinu hii ya kuivisha wavuti vazi jingine imerudi hadi kwenye tarakilishi za mezani. Kiunzi cha Electron, kilichoanzishwa na kampuni ya GitHub mwaka wa 2013, huwawezesha waandishi kuunda programu za Windows, Mac na Linux kwa kutumia zana zile zile za kurasa za wavuti. Visual Studio Code, kihariri kinachotumiwa na waandishi wengi wa programu, kimejengwa hivyo.

Bei yake ni uzito. Kila programu ya Electron hubeba kivinjari kizima tumboni mwake. Katika tarakilishi mpya hilo halisumbui. Katika ile kuukuu ya ofisi yenye kumbukumbu ndogo, mtumiaji anaweza kufungua programu, akaenda kunywa chai ya tangawizi, na kuikuta ingali inajikokota.

GHARAMA YA KIUNZI

Boriti ya mkoko husifika Pwani kwa kustahimili mchwa, lakini hata hiyo huchakaa. Viunzi vya programu huchakaa upesi zaidi.

Microsoft iliacha kukihudumia kihariri cha Visual Basic 6 mnamo Aprili 2008, ilhali ofisi nyingi duniani zilikuwa zikitegemea programu zilizoundwa nacho. AngularJS, kiunzi cha kampuni ya Google kilichotolewa mwaka wa 2010 na kupendwa mno, kiliachwa rasmi mwisho wa mwaka wa 2021. Mrithi wake, Angular, ni kiunzi tofauti, na waliotaka kuhamia huko walilazimika kuandika upya sehemu kubwa ya kazi yao.

DHIS2 yenyewe haikuepuka. Kurasa zake za awali zilitegemea kiunzi cha Struts, na kwa miaka kadhaa zimekuwa zikijengwa upya kwa React, zana iliyotolewa na Facebook mwaka wa 2013. Kazi hiyo haingeweza kufanywa kwa usiku mmoja, kwa kuwa nchi nzima zilikuwa zikiendelea kuingiza takwimu humo kila siku.

Hatari nyingine ni utegemezi usioonekana. Kiunzi kimoja huvuta maktaba kadhaa, na kila maktaba huvuta nyingine. Mnamo Machi 2016, mwandishi mmoja aliondoa mtandaoni kijimsimbo chake kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu, na programu chungu nzima kote duniani zikashindwa kuundwa kwa muda.

Tukio zito zaidi lilitokea Desemba 2021, ilipogunduliwa kwamba Log4j, maktaba ndogo ya Java ya kuweka kumbukumbu za matukio, ilikuwa na mwanya uliomwezesha mdukuzi kuitawala seva akiwa mbali. Kampuni na serikali zilikesha zikitafuta iwapo maktaba hiyo imo katika mifumo yao. Nyingi hazikujua.

Kwa hiyo, programu si jengo ambalo hukabidhiwa ufunguo na mkandarasi akaaga. Ni paa la makuti. Lisipobadilishwa kwa wakati, litavuja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

NANI ATAIREKEBISHA?

DHIS2, Community Health Toolkit na OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliozaliwa mwaka wa 2004 kutokana na kazi ya Eldoret, zote ni programu huria. Msimbo wake uko wazi, na yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuutumia bila kulipia leseni.

Uhuru huo ni muhimu, lakini usichanganywe na kutogharimu. Seva hukodishwa, umeme hulipiwa, nakala za akiba huhitaji mahali pa kuwekwa, na fundi hula. Kwa muda mrefu, sehemu kubwa ya gharama hizo imebebwa na wafadhili. KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS kwa ajili ya kliniki za Ukimwi, ulikua kwa fedha za mpango wa PEPFAR wa Marekani.

Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni mnamo Januari 2025, nchi zilizotegemea fedha hizo zilikumbushwa methali kongwe: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Msimbo ulikuwa wazi kama kawaida. Swali lilikuwa ni nani ataendelea kulipwa ili auelewe.

Sheria nazo zimebadilika. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inazihesabu taarifa za afya ya mtu kuwa data nyeti, na Sheria ya Afya Dijitali ya mwaka wa 2023 iliweka msingi wa kuundwa kwa wakala wa kusimamia mifumo hiyo. Afya ni miongoni mwa majukumu yaliyogatuliwa na Katiba ya 2010, kwa hiyo kaunti haiwezi kujivua wajibu.

Afisa wa kaunti anayeletewa programu mpya, iwe ya hospitali, ya leseni za biashara au ya ushuru wa soko, hahitaji kuwa mwandishi wa msimbo ili auone ubora wake. Maswali matano yanatosha kuanzia.

Kwanza, mtandao ukikatika kwa siku tatu, mfanyakazi ataendelea na kazi au ataketi? Pili, imejengwa kwa kiunzi gani, na kiunzi hicho kingali kinahudumiwa na waundaji wake?

Tatu, msimbo na data ni mali ya nani mkataba unapokwisha, na data hiyo inaweza kutolewa yote katika umbo linalosomeka na mfumo mwingine? Nne, ni watu wangapi nchini wanaoijua lugha iliyotumika? Tano, katika bajeti ya mwaka wa pili na wa tatu, fedha za kuisasisha ziko wapi?

Muuzaji anayebabaika mbele ya maswali hayo anastahili kuombwa arudi siku nyingine.

Swali la nne linawahusu hasa vijana. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kina tawi Kwale, na jijini Mombasa kuna SwahiliPot Hub, kituo kilichoanzishwa mwaka wa 2016, ambako vijana hukutana kujifunza teknolojia na sanaa. Kijana wa Ukunda anayetaka kuingia katika kazi hii hukabiliwa na utitiri wa majina ya viunzi, kila kimoja kikidai kuwa ndicho cha kesho.

Busara ni kujifunza kimoja kwa dhati, huku akishika misingi isiyobadilika kwa pupa. SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ilibuniwa katika kampuni ya IBM katika miaka ya sabini na ingali inatumika. Namna kivinjari kinavyozungumza na seva imekuwa na misingi ile ile tangu Tim Berners-Lee alipobuni wavuti zaidi ya miaka 30 iliyopita. Anayeijua misingi hiyo atahama kutoka kiunzi hadi kiunzi kama fundi anayebadilisha msumeno.

Fauka ya hayo, msimbo wa mifumo inayobeba takwimu za Kwale uko wazi kusomwa na kijana huyo leo hii, bila kumwomba mtu ruhusa. Anaweza kuanza kwa jambo dogo, kama vile kusahihisha tafsiri ya Kiswahili iliyokosewa, kisha akaelekea kwenye kazi nzito zaidi.

Manufaa yake yatarudi kwenye meza ile ya zahanati. Tarehe 15 itakapokaribia tena, muuguzi hatauliza programu imeandikwa kwa Java au JavaScript. Atataka fomu ifunguke, nambari zihifadhiwe hata umeme ukizimika, na panapotokea hitilafu, awepo mtu wa kumpigia simu ambaye anaijua kazi hiyo na anaweza kufika Lunga Lunga siku iyo hiyo.